Likizo inayoishia shambani: Kwa nini mfanyakazi wa Mautuma hapumziki

SHULE zinapofungwa mwezi Aprili, wakazi wa Mautuma huwa tayari wanajua walimu wao watapatikana wapi. Hawatakuwa kitandani wala safarini. Watakuwa katikati ya mistari ya mahindi, jembe mkononi, wakipalilia na kutia mbolea ya pili kabla ya magugu kuwashinda nguvu.

Hali huwa iyo hiyo mwezi Agosti, na huzidi Novemba na Desemba, msimu wa kuvuna, kuanika na kupukuchua. Muuguzi wa zahanati, karani wa afisi ya serikali, mhudumu wa benki, hata afisa wa polisi anayehudumu mbali lakini mwenye shamba hapa, wote huomba ruhusa kwa kufuata kalenda ya mahindi. Wanaporejea kazini wenzao huwauliza iwapo wamepumzika, nao hujibu kwa kicheko.

Kicheko hicho kina uzito. Mtu aliyeajiriwa ana haki ya kisheria ya kupumzika, na mwili wake una deni la usingizi na utulivu ambalo mshahara hauwezi kulilipa. Hata hivyo, katika maeneo ya mashambani siku za likizo aghalabu humhamisha mtu kutoka kwa mwajiri mmoja hadi kwa mwingine, na mwajiri huyo wa pili ni shamba lake mwenyewe. Matokeo yake huonekana kwa wengine: kwa mgonjwa anayedungwa sindano saa tisa usiku, kwa mwanafunzi anayekaripiwa bila kosa, na kwa abiria anayemwamini dereva aliyeanza kusinzia.

Mautuma ni wadi katika eneobunge la Lugari, Kaunti ya Kakamega, si mbali na mji wa Turbo. Kabla ya uhuru, ardhi ya sehemu hizi ilikuwa mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu. Ilipogawiwa Waafrika kupitia miradi ya makazi ya miaka ya 1960, wengi waliipata kwa mkopo, na mkopo huo ulilipwa kwa jasho.

Hata kabla ya hapo, kazi katika nyanda hizi ilikuwa na historia chungu. Sheria ya kikoloni ya mwaka wa 1918 iliwalazimu maskwota walioishi katika mashamba ya Wazungu kumfanyia mwenye shamba kazi kwa siku zisizopungua 180 kila mwaka. Si ajabu basi kwamba katika macho ya kizazi hicho, mtu aliyeketi chini ya mti mchana alikuwa ama mgonjwa ama mtoro.

Lugha yetu nayo imejaa sifa za kazi. Tunaambiwa kwamba ajizi ni nyumba ya njaa, kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na kwamba heri mtembea bure kuliko mkaa bure. Methali hizi ni za kweli, ila tukumbuke ziliwalenga watu wa namna gani. Mkulima na mvuvi wa zamani walikuwa na mipaka waliyowekewa na maumbile yenyewe. Jua likizama, jembe hulazwa. Bahari ikichafuka, ngalawa hukaa pwani. Wahenga hawakumfahamu mtu ambaye bosi wake anaweza kumpigia simu saa nne usiku akitaka ripoti.

Sheria za sasa zimejaribu kuirejesha mipaka hiyo. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka wa 1948, katika kifungu cha 24, linataja mapumziko kuwa haki ya kila mtu, pamoja na kuwekewa mpaka wa saa za kazi na kupewa likizo yenye malipo. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 nayo, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kufanya kazi katika mazingira yanayofaa.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 ndiyo inayoingia katika undani. Kifungu cha 27 kinamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kifungu cha 28 kinampa likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi, kwa mshahara kamili, baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Mwanamke anayejifungua ana miezi mitatu, na baba wa mtoto majuma mawili, wote kwa mshahara kamili.

Kuna kipengele kimoja ambacho wafanyakazi wengi hawakijui. Mwajiri anaweza, mfanyakazi akikubali, kuigawa likizo ya mwaka vipande vipande. Lakini isipokuwa pale ambapo makubaliano ya kazi yamesema vingine, kipande kimoja hakina budi kuwa majuma mawili ya kazi yasiyokatizwa, na kichukuliwe ndani ya miezi hiyo 12. Siku zinazosalia hazipaswi kucheleweshwa zaidi ya miezi 18 baada ya mwaka huo kuisha.

Linganisha hayo na desturi iliyoenea. Mfanyakazi huomba Ijumaa moja kwa ajili ya mazishi, Jumatatu na Jumanne kwa ajili ya kupanda, siku tatu za kumpeleka mtoto shule ya bweni, siku nne za mavuno. Kufikia Desemba siku zote 21 zimekwisha, na hakuna hata juma moja ambalo mtu huyo aliamka bila ya shughuli inayomngoja. Katika daftari la mwajiri ameshaenda likizo. Mwili wake hauna habari hiyo.

Walimu wako katika hali ya kipekee kwa kuwa mapumziko yao hufuata mihula ya shule. Wengi hudhani kwamba kwa sababu hiyo walimu hupumzika kupita kiasi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na ingawa katazo hilo huzungumziwa kama kinga ya mwanafunzi, linamkinga mwalimu vilevile. Pale linapopuuzwa, wote wawili hurudi darasani mwanzoni mwa muhula wakiwa wamechoka.

Nchi ilipata funzo la jambo hili baada ya shule kufungwa Machi 2020 kutokana na janga la corona. Ili kufidia muda uliopotea, kalenda ya masomo ilibanwa, na katika mwaka wa 2022 mihula minne ilisomwa ndani ya mwaka mmoja, huku likizo zikipunguzwa mno. Kalenda ya kawaida ilirejea Januari 2023. Mwalimu yeyote aliyefundisha kipindi hicho atakueleza jinsi sauti yake na subira yake vilivyoisha kabla ya muhula kuisha.

Je, mwili hufanya nini unapopumzika hata uhitaji ulinzi wa sheria? Tuanze na usingizi, kwa maana ndio mzizi wa mapumziko yote.

Wataalamu wa usingizi wanashauri kwamba mtu mzima alale angalau saa saba kila usiku. Katika muda huo moyo hupunguza mwendo, na shinikizo la damu la mtu mwenye afya hushuka kwa kati ya asilimia 10 na 20. Hiyo ndiyo nafasi ya pekee ambayo mishipa hupata kupoa. Anayelala saa nne kila siku huinyima mishipa yake karibu nusu ya nafasi hiyo, na madhara hujilimbikiza kimyakimya kwa miaka. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba takriban robo ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na shinikizo la juu la damu. Usingizi haba si chanzo pekee cha hali hiyo, lakini ni mojawapo ya visababishi ambavyo mgonjwa haulizwi mara kwa mara anapofika kliniki.

Ubongo nao hufanya kazi zake za usiku. Yale mtu aliyojifunza mchana hupangwa na kuhifadhiwa wakati amelala, ndiyo maana mwanafunzi anayekesha hadi alfajiri kabla ya mtihani huamka na vitu vichache kichwani kuliko alivyotarajia. Mwaka wa 2013, watafiti wakiongozwa na Maiken Nedergaard wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi waliowafanyia panya. Waligundua kwamba panya anapolala, nafasi zilizo kati ya seli za ubongo wake hupanuka na majimaji hupita kwa wingi yakiondoa taka zilizokusanyika mchana. Kwa lugha nyepesi, ubongo hufagiliwa usiku. Asiyelala hufanya kazi katika nyumba isiyofagiliwa.

Kuna kipimo kingine ambacho pengine kitaeleweka upesi zaidi kwa wasomaji wanaolifahamu kero la polisi wa trafiki na vifaa vyao vya kupima pumzi. Mwaka wa 1997, watafiti wawili nchini Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walilinganisha watu waliokosa usingizi na watu waliokunywa pombe. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hutenda kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu yake, kiwango ambacho nchi nyingi za Ulaya hazimruhusu dereva kukivuka. Baada ya saa 24 bila ya usingizi, utendaji wake ulikuwa kama wa mtu mwenye asilimia 0.10.

Hesabu hiyo tuilete nyumbani. Mwalimu anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili akamue ng'ombe na kuandaa watoto kabla ya kwenda shuleni hutimiza saa 17 saa nne usiku. Ikiwa wakati huo angali anasahihisha madaftari, basi anasahihisha kama mtu aliyekunywa. Muuguzi aliyeshinda shambani mchana kutwa kisha akaingia zamu ya usiku hufikia hali hiyo kabla ya usiku wa manane, naye bado ana saa kadhaa za kupima dozi na kupokea kina mama wanaojifungua.

Makosa yatokanayo na uchovu wa wahudumu wa afya yamepimwa. Mwaka wa 2004, jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali moja ya Boston, ambako madaktari wanagenzi walilinganishwa katika ratiba mbili. Waliofuata ratiba ya zamani yenye zamu za saa 24 na zaidi walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi ya wale waliopunguziwa saa. Madaktari walikuwa wale wale, wenye elimu ile ile. Kilichobadilika ni saa walizolala.

Barabarani hali ni hiyo. Barabara kuu itokayo Eldoret kuelekea Webuye na Malaba hupitia Lugari, na usiku malori ya masafa marefu huonekana yakifuatana kama siafu. Saa ya ndani ya mwili wa binadamu humvuta mtu usingizini kwa nguvu zaidi kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri, hata kama amejaza chupa ya kahawa. Sheria ya Trafiki inakataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha kwa zaidi ya jumla ya saa nane katika kila saa 24. Ni nadra kumsikia abiria akimuuliza dereva ameanza kazi saa ngapi, ilhali hilo ni swali la uhai na mauti kuliko lile la nauli.

Uchovu wa siku nyingi huzaa hali nyingine ambayo haitibiwi kwa kulala usiku mmoja. Mei 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuingiza uchovu wa kazi uliokithiri katika orodha yake ya kimataifa ya uainishaji wa magonjwa, likiueleza si kama ugonjwa bali kama hali itokanayo na msongo wa kazini ambao haukudhibitiwa. Dalili zake ni tatu. Mtu huishiwa nguvu kabisa. Kisha huichukia kazi yake au kuidharau, akawatazama wateja, wagonjwa au wanafunzi kama usumbufu. Hatimaye huona hata anachokifanya hakina faida.

Dalili hiyo ya pili ndiyo inayowasumbua wananchi bila ya wao kujua chanzo chake. Tunalalamika kwamba wauguzi wana maneno makali na kwamba makarani hujibu huku wakiangalia kando. Wapo wenye tabia mbaya tu, hilo halina ubishi. Lakini wapo pia waliokuwa wapole mwaka wa kwanza wa kazi, na ukali wao umekua kwa kadiri ya miaka waliyokaa bila ya kupumzika.

Kuhusu vifo, takwimu zipo na zinatisha. Mei 2021, WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalikadiria kwamba saa ndefu za kazi zilichangia vifo vya watu 745,000 kutokana na kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka wa 2016 pekee. Wanaofanya kazi kwa saa 55 au zaidi kwa juma, yalisema mashirika hayo, wamo katika hatari ya kupata kiharusi kwa asilimia 35 zaidi ya wanaofanya saa 35 hadi 40. Ukihesabu saa za afisini pamoja na zile za shambani, saa 55 si nyingi Mautuma. Wapo wanaozifikisha kabla ya Ijumaa.

Kwa nini basi watu hawapumziki? Jibu la kwanza ni fedha, na hapa inafaa kuwa wakweli. Hati ya mshahara hukatwa kodi, akiba ya uzeeni, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024, asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, na mkopo wa chama cha ushirika. Sheria inakataza makato yote kuzidi theluthi mbili za mshahara, na kuna wafanyakazi wengi wanaoishi kwa theluthi hiyo moja iliyobaki. Kwa mtu kama huyo gunia la mahindi ni karo na ni chakula. Ukimwambia akae nyumbani ajinyooshe, atakuona kama unayemkejeli.

Jibu la pili ni jamii. Katika sehemu hizi msiba ni wa wote. Usiku wa kuamkia mazishi watu hukesha, Jumamosi huzikwa marehemu, Jumapili ni ya ibada na vikao vya familia, na Jumatatu saa mbili asubuhi mtu anatarajiwa kaunta akiwa na tabasamu. Agosti ya kila mwaka wa shufwa, kama ilivyokuwa 2024, Wabukusu huwapasha tohara vijana wao, na hakuna mjomba wala shangazi anayeweza kusema kwamba amechoka. Shughuli hizi zina thamani yake, na mtu aliyejitenga nazo hupumzisha mwili lakini huumiza moyo. Ila ni kazi. Mwenye kuzihesabu kama mapumziko anajidanganya.

Kwa mwanamke mwenye taaluma, mzigo huongezeka maradufu. Akitoka kazini huingia jikoni, na akitoka jikoni hukagua kazi za shule za watoto. Mume anaporejea kutoka kazi ile ile, mara nyingi hupokelewa kwa kiti na chai. Nyumba nyingi zingeweza kuongeza saa moja ya usingizi wa mama kwa kugawana vyombo vya kuosha, na saa hiyo haihitaji idhini ya mwajiri.

Jibu la tatu limekuja na simu. Kundi la WhatsApp la kazini halina saa ya kufungwa. Ufaransa ilitunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2017, inayozitaka kampuni kubwa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki yao ya kuzima mawasiliano ya kazi baada ya saa za kazi. Hapa Kenya, Seneta wa Nandi Samson Cherarkey alipendekeza mswada wa aina hiyo mwaka wa 2022, na chama cha waajiri, FKE, kikaupinga. Waajiri walihofia gharama na usumbufu.

Hofu ya waajiri kwamba mapumziko hupunguza mavuno ya kazi ni ya zamani, nayo imeshajibiwa. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Uingereza iliunda mwaka wa 1915 kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha, waliokuwa wakishinda kazini hadi Jumapili. Ilibainika kwamba saa zilipopunguzwa, kiasi cha silaha zilizotengenezwa hakikushuka kwa uwiano huo, na katika baadhi ya viwanda kiliongezeka. Taifa lililokuwa vitani, lenye haja ya kila risasi, liligundua kwamba mfanyakazi aliyelala ana faida kuliko aliyekesha.

Turudi sasa shambani, maana lipo swali ambalo msomaji wa Lugari ana haki ya kuliuliza: je, kulima si mapumziko kwa mtu aliyekaa afisini mwaka mzima?

Yaweza kuwa. Mwanasaikolojia Mjerumani Sabine Sonnentag, ambaye amechunguza kwa miaka mingi jinsi wafanyakazi wanavyorejesha nguvu, alieleza pamoja na mwenzake Charlotte Fritz mwaka wa 2007 mambo manne yanayomburudisha mtu nje ya kazi. La kwanza ni akili kujitenga na kazi kabisa. La pili ni utulivu. La tatu ni kushughulika na jambo jingine ambalo mtu analiweza au anajifunza. La nne ni uhuru wa kujiamulia atautumia vipi muda wake.

Kwa kipimo hicho, karani anayelima bustani yake ya sukumawiki asubuhi mbili tatu, kwa hiari yake, akihisi udongo na kusikiliza ndege, anapumzika. Mgongo utauma kidogo, lakini akili itakuwa imetua. Mwenzake anayekimbizana na vibarua tangu alfajiri, akibishana kuhusu malipo, akitazama mbingu kwa hofu ya mvua kuyalowesha mahindi yaliyoanikwa, huku simu ya afisi ikilia mfukoni, hana hata jambo moja kati ya hayo manne. Shamba ni lile lile. Tofauti ni nani anayemtumikia mwenzake.

Watafiti wa likizo wamegundua pia jambo linalovunja moyo kidogo: manufaa ya likizo, hata iwe nzuri namna gani, hufifia ndani ya majuma mawili hadi manne baada ya mtu kurejea kazini. Maana yake ni kwamba likizo ya mwaka haiwezi kubeba peke yake mzigo wa miezi kumi na moja. Mapumziko yanahitaji kuwekwa pia ndani ya juma na ndani ya siku.

Wapwani walilitambua hilo zamani. Katika Mji wa Kale wa Mombasa na kule Lamu, maduka mengi hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena alasiri, jua likishapungua ukali. Mgeni kutoka bara huona kama uzembe. Kumbe saa hizo za baada ya chakula cha mchana ndizo ambazo saa ya mwili hushuka kwa mara ya pili katika siku. Shirika la anga la Marekani, NASA, liliwapima marubani wa safari ndefu na kuona kwamba waliolala kwa wastani wa dakika 26 safarini waliboresha utendaji wao kwa asilimia 34. Hospitali au shule haiwezi kufungwa adhuhuri, lakini chumba cha walimu chaweza kuwa na kona ambayo mtu hachekwi akiinamisha kichwa kwa dakika ishirini.

Ugumu wa kweli uko katika vituo vidogo. Zahanati yenye wauguzi wawili ikimruhusu mmoja kwenda likizo ya majuma mawili, aliyebaki atabeba zamu zote, na atakayerudi atamkuta mwenzake hoi. Hapa hakuna nasaha inayoweza kuchukua mahali pa wafanyakazi wa kutosha, na jukumu hilo ni la kaunti, ambazo ndizo zinazosimamia huduma hizo za afya tangu mwaka wa 2013. Linalowezekana kwa sasa ni ratiba ya likizo kuandikwa Januari badala ya kungojewa mtu aombe, ili kituo jirani kiweze kuazima muuguzi kwa tarehe zinazojulikana mapema.

Na kalenda ya mahindi yenyewe, ambayo imelaumiwa katika makala haya, ina nafasi ambayo wachache huitumia. Mahindi ya nyanda hizi hukaa shambani kwa miezi sita au zaidi. Hupandwa Machi na Aprili, viwavijeshi huchungwa katika majuma ya mwanzo, palizi na mbolea ya pili humalizika kufikia Juni. Kuanzia hapo hadi Oktoba mmea hautaki mtu. Hukua, hutoa mbelewele, hukomaa na kukauka bila ya kumwita mwenyewe. Muuguzi, karani au mhudumu wa benki aliyeyaweka majuma yake mawili katikati ya Julai atayakuta mahindi yamesimama wima, hayana la kumwagiza.